Kituo cha utamaduni Kashaulili: wananchi wasikilizwe kabla ramani haijachorwa

Majengo mengi ya umma katika miji yetu huanza na ramani. Mtaalamu huchora, bajeti hupitishwa, mkandarasi hupatikana, kisha wananchi huitwa kwenye mkutano wa hadhara kuelezwa kinachokuja. Wakiuliza maswali, majibu ni ya heshima, lakini msingi umeshachimbwa. Kituo cha utamaduni cha jamii kikijengwa katika kata ya Kashaulili, katikati ya Manispaa ya Mpanda, mkoani Katavi, utaratibu huo utakiharibu kuliko unavyoweza kuharibu zahanati au stendi. Mahitaji ya zahanati yanafanana Mpanda na Mtwara. Utamaduni haufanani hivyo, na wanaojua ni ngoma gani inahitaji uwanja wa namna gani ni wale wanaoicheza.

Mpanda si mji wa kabila moja. Wabende, Wakonongo na Wapimbwe ni wenyeji wa eneo hili. Madini ya risasi na reli ya kutoka Kaliua vilileta vibarua na wafanyabiashara, Wafipa wakaja kutoka kusini, Wasukuma wakashuka na ng'ombe wao kutoka kaskazini. Jirani kuna Katumba na Mishamo, makazi ya waliokimbia Burundi mwaka 1972, ambao wengi wao sasa ni raia wa Tanzania. Ukiongeza kwaya za makanisani, kasida za madrasa na vijana wanaorekodi muziki wao kwa simu, swali la utamaduni wa nani utakaa ndani ya kituo hicho haliwezi kujibiwa na mchoraji aliye Dodoma, hata awe hodari namna gani.

Chukua mfano wa ngoma za Wasukuma. Vyama vyao viwili vya ngoma, Wagika na Wagalu, hushindana kwa kucheza wakati mmoja, kila upande na manju wake, na mshindi ni yule anayevuta watazamaji wengi zaidi. Watu huhama kutoka upande huu kwenda ule, wakirudi tena manju wa upande wa kwanza akizidisha mbwembwe. Sasa weka mashindano hayo kwenye ukumbi wenye jukwaa moja na viti vilivyofungwa sakafuni: hayachezeki. Jambo hilo mzee yeyote wa ngoma angelisema kwa dakika tano, bila malipo, kama angeulizwa kabla saruji haijamwagwa.

Kuuliza kwa namna hiyo si ndoto. Pale Bujora, karibu na Mwanza, makumbusho ya Wasukuma yalianzishwa na Padri David Clement, mmisionari kutoka Kanada, lakini hakuyabuni peke yake. Alikaa na kamati ya wazee wa Kisukuma, wakaamua pamoja nini kihifadhiwe na kionyeshwe vipi. Upande wa pili tunao mpango wa serikali wa mwaka 1971 uliokusudia kufikisha maji vijijini kote ndani ya miaka 20. Nia ilikuwa njema kabisa. Hata hivyo pampu nyingi zilikufa, mojawapo ya sababu ikiwa kwamba wanakijiji walizipokea kama mali ya serikali, na Sera ya Maji ya mwaka 2002 ikalazimika kuwapa watumiaji umiliki na usimamizi wa miradi.

Wapo watakaosema wananchi wakiulizwa wataomba maji na dawa, si kituo cha utamaduni. Inawezekana, na ni afadhali kulijua hilo mapema kuliko kuzindua jengo litakalofunguliwa siku za sherehe za kitaifa tu. Wengine watasema mwananchi hajui kusoma ramani. Hatakiwi kuisoma, anatakiwa kueleza atafanya nini humo, saa ngapi, na watu wangapi, na kazi ya mhandisi ni kuyageuza hayo kuwa kuta na milango.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba mikutano hutekwa. Wanaozungumza ni wale wale, wenye vyeo na wenye fedha, na muhtasari ukifika kwenye kamati ya maendeleo ya kata unasomeka kana kwamba kata nzima imesema. Hofu hiyo ni ya kweli. Dawa yake si kufuta mikutano, ni kuacha kuitegemea peke yake. Mama anayeuza dagaa wa Karema hawezi kufunga meza yake saa nne asubuhi akasikilize hotuba, mfuateni sokoni. Wafuateni bodaboda kijiweni, wanakwaya jioni baada ya mazoezi, wazee wa ngoma majumbani kwao. Kila kundi lichague mtu wake wa kuingia kwenye kamati ya ujenzi, na rasimu ya ramani ibandikwe kwenye ofisi za mitaa kwa muda wa kutosha, ikiwa na maelezo ya Kiswahili yaliyo wazi.

Hilo litachukua miezi, na miezi ina gharama. Lakini Katiba, Ibara ya 146, inataja kupeleka madaraka kwa wananchi kuwa ndiyo madhumuni ya serikali za mitaa, na kalenda ya Katavi yenyewe inasaidia. Mvua huanza mwishoni mwa mwaka, na wengi huwa mashambani hadi mavuno. Kati ya Juni na Septemba watu wanarudi mjini, mahindi yako ghalani na ngoma zinachezwa. Manispaa ianze kuuliza hapo, na zabuni ya ujenzi isubiri majibu.