KIINI CHA LINUX: KUKIJENGA NA KUKITUNZA

Ndani ya vyombo vingi vya nyumbani, kama vile televisheni na visanduku vya intaneti, mna kompyuta ndogo isiyoonekana. Nyingi kati ya hizo huongozwa na Linux, ambayo Linus Torvalds, wakati huo mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, aliitangaza mwaka 1991.

Kiini ndicho kigawacho kumbukumbu na kuziwezesha programu kuvitumia viungo vya mtambo. Chombo kisichopata kiini kipya hubaki na mianya ya kupenyea wezi, na mara nyingi hutupwa kingali kizima. Lakini leseni ya Linux humtaka anayekisambaza kiini atoe pia msimbo chanzo wake. Kwa hiyo aliye tayari kujifunza aweza kukijenga mwenyewe.

Tuchukue mfano wa Raspberry Pi 4, bamba la kompyuta lenye ukubwa wa kadi ya benki, lililotolewa mwaka 2019.

Kwanza, msimbo. Huchukuliwa kutoka ghala la Raspberry Pi kwa Git, chombo alichokiunda Torvalds huyo huyo mwaka 2005. Mwenye kuchunga gharama za intaneti aweza kuchukua toleo la mwisho tu, bila historia yake. Lakini atakayetunza marekebisho yake kwa miaka, yafaa achukue historia yote, kwani bila hiyo kuyaunganisha na matoleo mapya huwa kazi ngumu.

Pili, mapishi. Amri ya bcm2711_defconfig huandaa orodha ya msingi ya mambo yatakayotiwa katika kiini. Kisha menuconfig humruhusu mjenzi kuongeza au kupunguza. Asisahau kukipa kiini chake jina la ziada, ili moduli zake zikae katika folda yake na zisizifute za zamani.

Tatu, ujenzi. Bamba lenyewe laweza kufanya kazi hiyo, ila huchukua muda mrefu. Ni afadhali kutumia kompyuta kubwa yenye kompaila itoayo msimbo wa aina ya arm64.

Nne, kukipandikiza. Hapa ndipo wengi hujuta. Hufuta kiini cha zamani, kipya kikakataa kuamka, na chombo kikawa jiwe. Wahenga walisema: usiache mbachao kwa msala upitao. Weka akiba ya faili kernel8.img pamoja na faili za maelezo ya viungo vya bamba. Kipe kiini kipya jina jingine, ukitaje katika faili config.txt. Kikigoma, chomoa kadi, ipachike katika kompyuta nyingine, rudisha faili za akiba, ufute mstari ule.

Kazi haiishi hapo. Kila mwaka huchaguliwa toleo moja la kutunzwa kwa muda mrefu, na masahihisho yake hutolewa mara kwa mara. Mwenye kutunza huyachukua, huyaunganisha na marekebisho yake, hujenga upya na kujaribu. Ahifadhi pia orodha ya mapishi yake mahali salama, na kando ya kila badiliko aandike sababu yake. Bila maandishi hayo, baada ya mwaka mmoja hata yeye mwenyewe hatajua kwa nini alilifanya, na atakayemrithi kazi atalazimika kuanza upya.