Kigingi, Mambo na Chango: Msamiati wa Vijiti vya Kushikizia

Kiswahili kina majina kadhaa ya kipande cha mti kilichochongwa ili kishikize kitu. Kigingi hupigiliwa ardhini au katika mti mwingine; mambo ni kigingi cha kufungia kamba za hema; chango hukitwa ukutani ili kutundikia nguo na vyombo; na ulimi, katika useremala, ni ncha ya ubao iingiayo katika tundu la ubao mwingine. Majina haya hayabadilishani kiholela, kwa kuwa kila moja limefungamana na kazi yake. Ikumbukwe pia kwamba mambo ya hema ni homonimu ya mambo, wingi wa jambo, na mwanafunzi asiyewahi kuiona zana hiyo anaweza kuipita katika matini bila kuitambua.

Uhusiano wa zana na lugha hudhihirika katika methali isemayo, “Mwamba ngoma, ngozi huvutia kwake.” Katika ngoma za aina nyingi, ngozi iliyoloweshwa huvutwa juu ya mdomo wa mzinga, kisha hushikizwa kwa vigingi vidogo vinavyopigiliwa kandokando. Ngozi ikikauka hujikaza. Upana wake una kikomo. Avutaye mno upande wake huupunguza upande wa pili. Asiyeijua kazi hiyo ataelewa kwamba methali inahusu ubinafsi, lakini hataelewa kwamba inahusu pia mgawanyo wa kitu kisichotosha.

Aidha, katika ujenzi wa vyombo vya baharini kijiti kilishika nafasi ya msumari. Mtepe, chombo mashuhuri cha Waswahili wa Lamu na visiwa vya jirani, uliundwa kwa mbao zilizoshonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, na mbao hizo zilishikizwa ubavu kwa ubavu kwa vijiti vya mti. Mti ukilowa hufura, hivyo kijiti huzidi kukaza katika tundu lake. Chuma katika maji ya chumvi hushika kutu. Ushahidi wa vyombo vya kushonwa katika pwani hii ni wa kale: Periplus ya Bahari ya Eritrea, matini ya Kiyunani ya karne ya 1, huutaja mji wa Rhapta na kueleza kwamba jina lake limetokana na vyombo hivyo. Mtepe ulitoweka baharini katika karne ya 20, na msamiati wa waundaji wake ukabaki bila watumiaji.

Kigingi, kwa upande wake, kimesalimika kwa kupanuka kimaana. Kumwekea mtu kigingi ni kumzuia asifikie lengo lake. Maana hii haikuzuka bure, kwani kigingi ndicho kimzuiacho mbuzi kuvuka urefu wa kamba yake, na ndicho kionyeshacho mwisho wa shamba. Vigingi vya mipaka siku hizi aghalabu ni vya zege, lakini jina halikubadilika. Mwezi Juni 2022, uwekaji wa vigingi katika eneo la kilomita za mraba 1,500 huko Loliondo, kaskazini mwa Tanzania, ulizusha mapambano kati ya askari na wafugaji wa Kimaasai. Hapo maana ya kizuizi na maana ya alama ya mpaka zilikutana katika neno moja.

Kwa mantiki hiyo, haitoshi kamusi kukifasili kigingi kuwa “kijiti” tu. Fasili itaje mahali kinapopigiliwa, kinachoshikizwa na sababu ya kukishikiza, na ikibidi iambatane na mchoro. Taarifa hizo zimo mikononi mwa mafundi: maseremala, waundaji wa vyombo na wawamba ngoma. Utafiti wa nyanjani miongoni mwao hauna budi kufanywa wangali hai, kwa kuwa fundi afapo bila mwanafunzi, neno hubaki kamusini bila mtu wa kulieleza.