Kuiaga Subaru: kutu, chumvi ya Japani na tanuri za Kemondo

Tuseme una Subaru Impreza ya miaka ya tisini, ile yenye turbo. Ukiiwasha alfajiri, nusu ya Kashai inajua umeamka. Umeshabadilisha klachi, umeshashusha injini mara moja, na kila fundi anakwambia, "Hii bado, bosi." Halafu Jumamosi moja unaiosha, unabonyeza rangi iliyovimba juu ya tairi la nyuma, na kidole kinazama ndani.

Kabla hujaamua chochote, ngoja tuangalie ni kitu gani hasa kinachokufa hapo.

Kwanza tuitendee haki hiyo gari. Bukoba iko kwenye mwinuko wa zaidi kidogo ya mita 1,130 kutoka usawa wa bahari, na kwa mwinuko huo mgandamizo wa hewa ni pungufu kwa asilimia 12 hivi ukilinganisha na Dar es Salaam. Hewa pungufu maana yake oksijeni pungufu ndani ya silinda, na injini ya kawaida inapoteza nguvu karibu kwa kiwango hichohicho. Turbo inatumia moshi unaotoka kuzungusha feni inayosukuma hewa ya ziada iingie kwenye injini, kwa hiyo inafidia sehemu kubwa ya hasara hiyo. Ukiona inapanda vilima vya kuelekea Muleba kama haina habari, si mapenzi tu yanayokudanganya. Impreza za mashindano zilishinda Safari Rally kule Kenya mwaka 1997 ikiendeshwa na Colin McRae, na mwaka 2000 ikiendeshwa na Richard Burns. Kuipenda kuna sababu.

Sasa tatizo. Injini ina spea: ringi, gasketi, giaboksi, hata injini nzima unapata. Bodi ndiyo haina. Land Rover za zamani zilikuwa na chasisi nzito peke yake, bodi ikakaa juu. Impreza, kama gari ndogo nyingi, haina chasisi ya namna hiyo. Mabati yaliyokunjwa na kuchomelewa pamoja ndiyo yanayobeba uzito, ndiyo yanayoshikilia shokapu, na ndiyo yanayotakiwa kujikunja kwa mpangilio ukigonga kitu ili wewe usikunjike. Kutu ikila bati pale shokapu ya nyuma inapofungwa kwa juu, imekula mfupa.

Kutu yenyewe ni jambo rahisi. Chuma kinatoa elektroni, oksijeni inazipokea, maji yanakuwa njia. Kinachobaki ni oksidi ya chuma yenye maji ndani yake, ambayo inachukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, ndiyo maana rangi inavimba kabla haijatoboka. Tena haizibi. Kutu ya aluminiamu inajifunika na kulinda kilicho chini. Kutu ya chuma inameguka na kufungua njia kwa nyingine.

Hapa Bukoba watu wanamlaumu ziwa. Mimi naona anaonewa. Maji ya Ziwa Viktoria ni baridi, hayana chumvi ya bahari. Kinachoongeza kasi ya kutu sana ni chumvi, na chumvi huenda gari yako iliipata miaka mingi iliyopita, kule kaskazini mwa Japani, ambako wakati wa theluji barabara humwagiwa chumvi ili barafu iyeyuke. Ikaingia kwenye mikunjo ya bodi na kutulia. Gari ikapanda meli, ikashuka Dar, ikaja Kagera ikiwa imeng'arishwa, na ugonjwa uko ndani. Sisi tulichoongeza ni unyevu: mvua nyingi, na ule udongo mwekundu unaojibana nyuma ya madigadi na kukaa mbichi kwa siku kadhaa. Kwa hiyo, wenye gari ambazo bado ni nzima, osheni chini, si juu tu.

Kuna jambo lingine kuhusu barabara hiyo ya Muleba. Unapopita Kemondo unapita sehemu ambako chuma kilikuwa kinafuliwa kati ya miaka 1,500 na 2,000 iliyopita. Mwanaanthropolojia Peter Schmidt na mhandisi Donald Avery waliandika habari zake kwenye jarida la Science mwaka 1978, baada ya kuchimba mabaki ya tanuri na kufanya kazi na wazee wa Kihaya waliokuwa bado wanakumbuka ufuaji huo. Makaa yalitoa kaboni, mifereji ya udongo wa mfinyanzi ilipeleka hewa ya viriba ndani kabisa ya tanuri, na oksijeni ikanyang'anywa kutoka kwenye mawe ya chuma. Mawe hayo, kikemia, ni ndugu wa karibu wa hiyo kutu iliyo mkononi mwako. Gari yako inarudi kinyumenyume njia ileile.

Sasa chukua sumaku na bisibisi. Sumaku isiponasa, chini ya rangi kuna puti, si bati. Gonga kwa bisibisi kingo za chini ya milango, sehemu za juu za shokapu, na fuata paipu za breki mpaka mwisho. Tundu la kwenye madigadi linakatwa na kuchomelewa bati jipya, unaendelea na maisha. Lakini kama mifupa inabonyea, iache. Na usiipige puti na rangi ukamuuzia kijana anayetaka kuifanya mchomoko wa Muleba, abiria saba ndani. Nguvu ya mgongano inakua kwa mraba wa mwendo: kwenye 100 kwa saa ni mara nne ya kwenye 50. Puti haijui hesabu hiyo.

Toa injini na giaboksi, zina wateja. Oili chovu usiimwage mtaroni, mtaro unaishia ziwani. Betri ina risasi, mpe anayenunua. Bodi inaenda kwa watu wa chuma chakavu, inapakiwa kwenye lori hadi kwenye tanuri la umeme, na inatoka nondo. Ile sehemu iliyokwisha kuwa kutu nyingi yake haitoki nondo, inaondoka na takataka za juu ya chuma kilichoyeyuka, kwa hiyo gari ikikaa miaka mitano nyuma ya nyumba chini ya migomba, uzito wa kuuza unazidi kupungua.