Je, Wajua? Michikichi Inayostahimili Theluji

Mchikichi unaostawi Ruziba, kusini mwa Bujumbura, haupendi kupanda mlima. Kandokando ya Ziwa Tanganyika, mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari, joto linautosha mwaka mzima. Ukiupeleka mlimani Teza, kwenye mashamba ya chai, utadumaa, ingawa huko hakuanguki theluji.

Lakini una ndugu wa ajabu! Mchikichi wa China, Trachycarpus fortunei, uliletwa Uingereza katika karne ya 19, na ukishakomaa huvumilia kwa muda mfupi baridi ya nyuzi 15 chini ya sifuri. Shina lake limevikwa manyoya ya kahawia, magumu kama kumbi la nazi.

Uhai wa mti wa jamii hii umo mahali pamoja: moyo, ile sehemu laini ya kileleni ambamo kila kuti jipya huchipukia. Makuti yote yanaweza kukauka kwa baridi na mti ukapona, mradi moyo uko salama. Moyo ukioza, shina hilo limekufa, kwani halina pengine pa kuchipukia. Ndiyo maana watunza bustani wa Ulaya huyafunga makuti pamoja, wakaufunika moyo kwa majani makavu, na kuyazuia maji ya mvua yasituame humo yakaganda.

Ndugu mwingine, mchikichi wa Marekani, Rhapidophyllum hystrix, umejipatia kinga yake wenyewe: shina fupi, moyo karibu na ardhi, miiba mirefu pande zote. Huo huvumilia hata nyuzi 20 chini ya sifuri.