Mipira ya gari ya spoti: soma ubavu wake mbele ya kutoa dola

Hapa kwetu Kasha, katika komine ya Bagira, kijana akirudi toka Kamituga ama Shabunda na franga mkononi, anatafuta vitu vitatu: kiwanja, bibi na gari. Na gari yenyewe hataki ile ya kubebea mihogo. Anataka gari ya spoti: iko chini, inanguruma, janti zinang'aa. Kama hana uwezo wa gari ya spoti ya kweli, anachukua Corolla ya kawaida na kuivalisha viatu vya spoti: janti kubwa ya 17, mpira mpana wa uso na mfupi wa ubavu. Mimi sina neno na hiyo. Mtu aliyeshinda shimoni miaka kumi ana haki ya kufurahia jasho lake. Lakini gari ileile, kesho yake, inapakia watu tisa na magunia, inapanda kuelekea Mwenga. Hapo njo naona afazali tuongee.

Gari ndogo yote, hata ikiwa ya dola elfu mia, inagusa barabara fasi nne tu, na kila fasi ni kama ukubwa wa kiganja cha mkono. Freni, usukani, mwendo, maisha ya mama aliyekaa nyuma na mtoto, vyote vinapita kwenye viganja hivyo vine. Moteri unaweza kuisifu unavyotaka. Kama mpira umeshindwa, moteri inakusukuma tu kwenye bonde.

Sasa mpira wa spoti ni kitu gani? Wenye kuutengeneza wanatafuta jambo moja: ushike lami vizuri wakati gari inakimbia na kukata kona. Kwa hiyo wanauweka kaushu laini, maana laini inashika kuliko ngumu. Wanaupanua. Wanaufupisha ubavu ili usiyumbe kwenye kona. Yote hayo ni mazuri pale lami iko safi na nyororo. Lakini kaushu laini inaisha haraka. Na ubavu mfupi hauna fasi ya kumeza pigo: ukiingia kwenye shimo, janti inakutana na jiwe karibu bila kitu katikati. Janti inapinda, ao nyuzi za ndani zinakatika na ubavu unatoa nundu kama jipu. Ukiona nundu hiyo kwenye mpira wa gari unayotaka kupanda, shuka.

Chukua mifano miwili ya kweli, ile makwado wetu wanaishika kila siku. Mpira wa kwanza umeandikwa 195/65 R15 91V. Namba 195 ni upana, kwa milimetre. Namba 65 inasema urefu wa ubavu ni asilimia 65 ya upana ule, maana yake milimetre 127. R ni namna nyuzi za ndani zinavyopangwa, na 15 ni janti. Mpira wa pili, ule wa kupendeza, ni 215/45 R17 87W. Ukipiga hesabu, ubavu wake ni milimetre 97 tu. Ukiisimamisha pamoja, inalingana karibu sawa kwa urefu, njo maana inaingia kwenye gari ileile. Lakini umepoteza vidole viwili vya kaushu kati ya janti na mawe ya barabara.

Herufi ya mwisho njo inawavuta vijana. Ni ya mwendo: T ni kilometa 190 kwa saa, H ni 210, V ni 240, W ni 270. Muuzaji atakuonyesha W kwa kidole na kuongeza bei. Muulize: ni nani atakimbiza gari kilometa 270 kwa saa kwenye mteremko wa Ngomo? Namba iliyo mbele ya herufi, ile hakuna anayekuonyesha. Na ile njo inayohusu sisi watu wa mizigo. 91 maana yake mpira mmoja unabeba kilo 615, si zaidi. 87 ni kilo 545.

Tupige hesabu ya kichimbaji. Gari tupu, tuseme kilo 1.150. Watu tisa pamoja na shofere, kilo 585. Magunia manane ya kilo 50, kilo 400. Jumla 2.135. Utasema mipira mine ya 545 inabeba 2.180, basi tuko salama. Hapana. Mizigo iko nyuma. Kama asilimia 60 ya uzito inakaa nyuma, kila mpira wa nyuma unabeba kilo 640. Mpira wa kawaida wa 91 umepitishwa kilo 25. Ule wa spoti umepitishwa kilo 95, na yeye ana ubavu mfupi. Na sisi tunajua kitu ambacho muuza mihogo hajui: gunia la kasiteriti ni dogo kwa macho lakini zito kwa mgongo. Shofere anahesabu magunia, mpira unahesabu kilo.

Pikipiki ni vilevile, hata mbaya zaidi. Soma ubavu wa mpira wa nyuma: ukikuta 50P, ni kilo 190. Moto yenyewe ina kilo kama 110, mumotari 65, abiria wawili 130, mfuko wa 50. Hiyo ni 355, na sehemu kubwa imelalia nyuma. Tunashangaa nini mpira ukipasuka?

Kuna wanaosema kwamba nawaonea wivu vijana, kwamba gari ya kasi inataka mpira wa kasi. Basi tuangalie wale ambao kazi yao ni kasi. Safari Rally ya Kenya ilianza mwaka 1953, na mwaka 2021 ilirudi katika mashindano ya dunia, kule Naivasha, kisha kukosekana tangu 2002. Kati ya 2021 na 2024 magari makubwa ya mashindano hayo yalivaa mipira ya Pirelli. Kwenye lami, gari lilivalishwa 235/40 kwa janti ya 18: pana, ubavu mfupi, kama vile vijana wetu wanavyopenda. Lakini kwenye udongo na mawe, gari lilelile, shofere yuleyule, lilivalishwa 205/65 kwa janti ya 15. Membamba, ubavu mrefu, meno makubwa. Angalia tena namba hizo: ni karibu sawa na za Corolla ya taksi! Wazungu wenye pesa za kuchoma, wenye mafundi kumi kwa gari moja, wanashusha janti wakikutana na barabara mbaya. Sisi wa barabara ya taifa namba 2, yenye mawe na potopoto, tunaipandisha.

Kitu cha pili cha kusoma ni umri. Tafuta herufi DOT kwenye ubavu, na kule mwisho namba nne ndani ya duara refu. Ukikuta 3518, mpira ulitoka kiwandani juma la 35 la mwaka 2018. Kama ni namba tatu tu, mpira ni wa mbele ya mwaka 2000, huo mpe mtoto afanye bembea. Kaushu inazeeka hata ikikaa tu depo: inakauka, inakuwa ngumu, inapasuka vistari vidogo kama kisigino cha mlimaji. Michelin wanashauri mpira uangaliwe na fundi kila mwaka ukishapita miaka mitano ya kazi, na utolewe ukifika miaka kumi, hata kama meno bado yako.

Vijana wote wa Bukavu wanamjua Paul Walker wa filamu za Fast & Furious. Alikufa tarehe 30 Novemba 2013 huko California, ndani ya Porsche Carrera GT iliyoendeshwa na rafiki yake. Wachunguzi walisema mwaka 2014 kwamba chanzo ni mwendo: gari ilikuwa kati ya kilometa 130 na 150 kwa saa, fasi ya kilometa 72. Lakini waliandika pia kwamba mipira ilikuwa na umri wa zaidi ya miaka tisa, na kwamba hiyo ingeweza kuharibu namna gari inavyoshika barabara. Gari ya bei ya namna ile, kwenye lami ya Marekani. Sasa wewe na mpira wako wa okazyo.

Maana wengi wetu tunanunua okazyo, tusidanganyane. Mpya ni ghali. Basi ukienda kununua okazyo, angalia alama moja: mlima wenye vilele vitatu, na ndani yake kipande cha theluji. Huo ni mpira wa baridi ya Ulaya. Kaushu yake ilitengenezwa kwa siku za chini ya nyuzi 7 za joto. Hapa Bukavu hata asubuhi ya Juni haifiki huko. Katika joto letu mpira huo unalainika, unaisha haraka, na ukikanyaga freni gari inachelewa kusimama. Una meno mazuri sana, marefu, yanatamanisha. Njo maana unatudanganya.

Kuhusu meno: katikati ya mifereji kuna vinundu vidogo, na kaushu ikishalingana navyo imebaki milimetre 1,6. Huko Ulaya, chini ya hapo sheria inakukataza barabara. Mvua ikinyesha, mpira wa kipara hauwezi kufukuza maji. Gari inaelea kama mtumbwi ziwani, na usukani unakuwa mwepesi mkononi. Wako watu wanaochukua kisu cha moto na kuchonga meno mapya kwenye mpira uliokwisha. Kwenye mpira wa gari ndogo hiyo ni kukata nyama ya mwisho juu ya mfupa. Ukitaka kujua, ingiza ukucha ndani ya mfereji: ukigusa uzi ao waya, hiyo si mpira tena.

Niseme na upepo, kwa ufupi. Unapimwa asubuhi mpira ukiwa baridi, si kisha mwendo. Kipimo chako kimeandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni pa shofere, moja ya gari tupu na moja ya gari yenye mizigo. Kugonga mpira kwa teke si kupima. Na kama umepata pesa ya mipira miwili tu mizuri, weka nyuma. Mashofere wengi hapa wanaweka mbele, wanasema njo inayoongoza. Lakini mbele ikiteleza unaisikia kwenye usukani na kupunguza mwendo. Nyuma ikiteleza gari inageuka yenyewe, na hapo umeshakuwa abiria kama wengine.

Sasa nije kwa lile linalonikaa rohoni kama mtu wa sindika. Tunapodai, tunadai kofia, buti, taa, mshahara. Mpira wa gari inayotupeleka kazini hatuutaji. Tunaona ni mambo ya mwenye gari. Lakini mfanyakazi aliyeandikishwa CNSS, ajali ikimpata njiani kati ya nyumba yake na kazi, sheria ya tarehe 15 Julai 2016 inaihesabu kuwa ajali ya kazi. Kama njia ni sehemu ya kazi, mpira nao ni chombo cha kazi, sawa na kofia. Basi uandikwe kwenye mapatano na mwajiri: namba ya uzito isiyo chini ya ile ya kiwanda, umri usiopita, mpira wa akiba wenye upepo. Na nani anaulipa. Maana nimeona mara nyingi shofere analipwa kwa safari, mipira ananunua yeye, kisha tunamlaumu yeye kwa kipara.

Kwa wachimbaji wa mkono, ambao ni wengi wetu na ambao hawako CNSS, hakuna fedha itakayomfikia mjane. Hapo kooperative njo mahali pa kuanzia. Kila juma inakata kitu kwa ajili ya pampu ya maji na miti ya shimo. Ikate kidogo pia kwa mipira ya gari inayobeba watu wake. Tuseme, mfano tu, mpya ni dola 60 na unafanya mwaka, okazyo ni dola 25 na unafanya miezi mitatu: kwa mwaka mmoja okazyo imekula dola 100. Katibu wa kooperative anaijua hesabu hiyo, kila siku anahesabu gramu.

Kitu kimoja hakikai vizuri tumboni mwangu. Mwaka 1888 Dunlop aliandikisha mpira wake wenye upepo, na dunia ikaanza kulilia kaushu. Sehemu yake ilitoka kwetu, katika misitu ya Kongo ya Leopold, na wazee wetu walikatwa mikono kwa ajili yake. Leo mpira unarudi kwetu umeshatumika, na kipara juu.

Mama na dada, ninyi njo mnaopanda kila juma kwenda kupelekea waume chakula. Mbele ya kulipa, inama kidogo, pitisha mkono kwenye mpira wa nyuma, soma DOT. Shofere atacheka. Jumapili hii kisha misa, kwado mmoja wa hapa Kasha amekubali kuweka mipira mitatu chini, mzuri, mzee na wa theluji, ili kila anayetaka ajifunze kusoma ubavu. Hailipishwi. Mumotari aje na moto yake.