Samaki Mwenye Vidonda: Tuangalie Maji Mbele ya Kununua Dawa

Kwa yule aliyechimba bwawa la tilapia ao la kambale, samaki ni mboga ya bukari na ni makuta ya shule ya watoto. Siku anapoona vidonda kwenye ngozi yao, roho inamuruka. Mara nyingi anakimbilia kununua kapsuli za tetrasikline kwenye meza ya soko na kuzifungua ndani ya maji. Tusifanye hivyo. Dawa inapotea bure, na mikrobe zinazobaki zinazoea dawa ileile ambayo kesho mtoto wetu ataihitaji.

Ngozi ya samaki imefunikwa na ute. Ute huo ndio ukuta wake. Maji machafu, wavu mkali ao mikono mikavu vikiuondoa, ugonjwa unapata mlango. Kwa hiyo tujiulize maswali matatu.

La kwanza: ni samaki wangapi? Kama ni mmoja ao wawili tu, na magamba yametoka upande mmoja, labda ni ndege, wavu, ao madume waliopigana. Kidonda hicho kinapona chenyewe kama maji ni safi.

La pili: kidonda kinafanana na nini? Kitu cheupe kama pamba ni ukungu. Unakuja sana mwezi wa 6 na wa 7, wakati baridi yetu ya Katanga inashuka. Maji yakifika chini ya digre 16, tilapia hali vizuri na nguvu zake zinapungua. Ukiona uzi umetoka mwilini na pale unapoanzia ni pekundu, huyo ni kidudu kilichojipachika. Madoa mekundu, mapezi yaliyooza na tumbo lililovimba ni alama za mikrobe, na mara nyingi zinafuata uchafu.

La tatu: maji yako namna gani? Asubuhi, samaki wakipanda juu na kufungua midomo, hewa imepungua ndani ya maji. Acha kuwapa chakula siku hiyo, toa sehemu moja ya tatu ya maji, na uingize mapya polepole. Usichukue maji ya kijito kinachopita karibu na machimbo. Shaba, hata kidogo, inaharibu mashavu ambayo samaki anapumulia. Wanaofuga samaki wa bahari ndani ya masanduku ya vioo wanatumikisha shaba kama dawa ya vidudu vya ngozi, lakini wanaipima kila siku, kwa sababu ikizidi kidogo inaua.

Kwa samaki wachache wenye ukungu ao vidonda vidogo, chumvi ya jikoni inasaidia. Weka grame 100, karibu vijiko 6 vya mezani vilivyosawazishwa, ndani ya ndoo yenye litre 10 za maji ya bwawa. Koroga mpaka iyeyuke, kisha uweke samaki wachache kwa dakika 10. Usiondoke hapo: akilala upande, mtoe mara moja. Lowesha mikono mbele ya kumshika.

Kuna ugonjwa mmoja ambao chumvi ya ndoo haiwezi kumaliza. Mwishoni mwa 2006 na katika 2007, wavuvi wa mito Chobe na Zambezi, kwa jirani zetu wa Zambia, Botswana na Namibia, walivua samaki wengi wenye vidonda vyenye kufika mpaka ndani ya nyama. Sababu ilikuwa ukungu wa maji unaoitwa Aphanomyces invadans. Unaweza kusafiri pamoja na samaki wagonjwa, maji yao na nyavu zenye unyevu. Kwa hiyo kausha wavu juani mbele ya kuutumikisha kwenye bwawa lingine, na usinunue vifaranga mahali ambapo umeona vidonda.

Ukiona vidonda virefu kwa samaki wengi, zaidi kisha mvua kubwa, funga mlango wa maji yasitoke kwenda kwa jirani. Peleka wawili ao watatu, wazima ndani ya maji ao juu ya barafu, kwa munganga wa wanyama. Hapa mjini, Chuo Kikuu cha Lubumbashi kina kitivo cha uganga wa wanyama. Waliokufa wazike mbali na maji.

Na sokoni? Ukungu huo haushiki watu, lakini mikrobe za kidonda zinaweza kuingia kwenye mkono uliokatwa. Osha mikono kwa sabuni. Samaki mwenye vidonda tusimuuze wala tusimkaushe ili kuficha alama. Mama anayenunua kwetu leo anataka kurudi kesho.