Bomba za maji machafu zikibadilishwa Kisangani: mkaaji wa Makiso na wa Yangambi watazamie nini?

Mvua kubwa ikinyesha usiku Kisangani, asubuhi unaona kwa macho ni wapi bomba za chini ya ardhi zimekufa. Maji meusi yanapanda kupitia rega, yanatembea barabarani, yanaingia katika parseli zilizo chini, na mwenye toleka anapita akiinua miguu. Mama mwenye kuuza mikate anahamisha meza yake. Jua likipiga, potopoto inakauka, na watu wanasahau mpaka mvua ingine.

Kila mara habari inapopita kwamba bomba za mji zitatengenezwa, maswali ni yale yale: watachimba wapi, watavunja ukuta wa nani, nani atatoa franga? Na mkaaji wa Yangambi anauliza lake: sisi tuko karibu kilometa 100 chini ya mto, jambo hili linatuhusu nini? Linawahusu, tena sana. Tutafika huko.

Vitu vitatu ambavyo watu wanachanganya

Kwanza tutenganishe. Chini ya avenyu moja kunaweza kupita bomba ya maji safi, ambayo ni kazi ya REGIDESO. Pembeni kuna kanivo, ya wazi au ya kufunikwa, ambayo kazi yake ni kubeba maji ya mvua. Hiyo iko upande wa OVD, ofisi ya barabara na mifereji. Ya tatu ni bomba ya maji machafu, yale yanayotoka chooni, bafuni na jikoni. Hii ya tatu ni adimu katika miji yetu ya mashariki. Stanleyville ya wakati wa Mbelgiji ilijengwa kwa ubaguzi: mitaa ya Wazungu, yenye choo cha ndani ya nyumba, ilipangiwa bomba na mifereji ya chini, cité za Waafrika ziliachiwa shimo. Mji ukaitwa Kisangani mwaka 1966, leo una watu zaidi ya milioni moja katika komine sita, kutoka Makiso mpaka Lubunga ng'ambo ya mto. Bomba za chini ya ardhi hazikukua pamoja nao.

Ndiyo maana familia nyingi za Mangobo, Kabondo au Tshopo zinatumia shimo la kawaida, au fosi septiki kwa wale wenye uwezo. Na fosi ikijaa, wako wenye kungojea mvua ya usiku ili kuifungulia kwenye kanivo. Kila mtu wa kartie anajua ni nani, lakini hakuna anayesema. Kanivo ile haipeleki kinyesi kiwandani. Inakipeleka kwa jirani, kisha kwenye kijito, kisha mtoni.

Juu ya nini bomba inakufa

Watu wanafikiri bomba inakufa kwa uzee tu, kama mtu. Kuna zaidi. Uchafu ukilala ndani ya bomba bila hewa, unatoa gesi ile ya harufu ya yai bovu. Gesi inapanda mpaka dari ya bomba, inakutana na unyevu, na vijidudu vinaigeuza kuwa asidi kali. Asidi inakula saruji kutoka juu. Kwa miaka mingi hakuna kinachoonekana barabarani; siku moja kamio ya mzigo inapita, dari inaanguka, na shimo linafunguka katikati ya lami. Ongeza mizizi ya miti, ambayo inafuata maji kwenye maungio. Ongeza chupa, mifuko ya plastiki, matambara. Na kwa Kisangani kuna jambo ambalo miji mingine haina: vita vya siku sita, kutoka tarehe 5 mpaka 10 Juni 2000, ambapo majeshi ya Rwanda na Uganda yalirushiana makombora zaidi ya 6,600 ndani ya mji. Wenye kuishi siku zile wanakumbuka kukosa umeme na maji ya robine na kushuka mtoni na bidoni huku risasi zinapita.

Hatari kubwa zaidi haionekani. Bomba ya maji safi ikiwa na maji saa zote, shinikizo linasukuma nje: ikipasuka, maji yanatoka. Lakini umeme ukikatika na pampu zikisimama, shinikizo linaanguka, na bomba iliyo tupu inaweza kuvuta ndani kile kilichoko nje, hata maji ya choo yaliyolowesha udongo pembeni yake. Robine ikirudi asubuhi, maji ya kwanza yanaleta uchafu ule. Kwa hiyo bomba mbovu ya choo na robine inayokatika-katika ni ugonjwa mmoja, si miwili. Yeyote anayeahidi kutibu moja bila ingine, mwulizeni vizuri.

Siku za kuchimba

Kazi ya kweli haianzi na jembe. Inaanza na mafundi wenye kufungua rega moja moja, kupima kina, kuangalia maji yanaelekea wapi. Katika miji yenye mali wanaingiza kamera ndogo yenye magurudumu. Mkiona watu wanaandika namba kwa rangi kwenye ukuta au kwenye mfuniko, mjue wako kwenye hatua hiyo. Ni wakati mzuri wa kusema: wazee wa avenyu wanajua bomba imepita wapi kuliko karatasi yoyote, na wanajua pia ni nani amejenga juu yake.

Hapo ndipo maneno makali yanaanza. Bomba nyingi za zamani leo ziko chini ya kiosk, ukuta, hata chumba cha kulala. Mwenye kujenga juu ya njia ya bomba ataambiwa aondoe. Aombe barua, siyo neno la mdomo, na shefu wa kartie awe shahidi wa kilichoko kabla ya kuvunja; piga picha na telefone, hata ile ndogo.

Kuna namna mbili za kubadilisha. Moja ni kufungua mtaro, kutoa bomba ya zamani na kulaza mpya ya plastiki. Ya pili ni kuingiza ngozi mpya ndani ya bomba ya zamani bila kuchimba barabara nzima. Ilianzia London mwaka 1971, ni nzuri kwa mji uliojaa magari, lakini inataka mashine na ufundi wa bei. Kwetu, ambako mikono ya kazi iko na mashine ni chache, tutazamie mtaro. Maana yake barabara nusu kufungwa, vumbi wakati wa jua, ziwa wakati wa mvua, na wauzaji kusogea. Maji ya robine pia yatakatwa mara kwa mara, juu jembe halijui bomba ya nani ni ipi. Weka akiba, na siku maji yakirudi acha robine itiririke mpaka yawe meupe, kisha chemsha au tia klori kwa siku kadhaa.

Mambo mawili tunaomba wazazi wasikilize. Bomba nyingi za kale zilitengenezwa kwa saruji yenye amianti, ile ya mabati ya etaniti. Ikilala chini haina neno. Ikikatwa au kuvunjwa, vumbi lake linaharibu mapafu baada ya miaka mingi. Watoto wasichezee vipande, na msivibebe nyumbani kujengea banda la kuku. La pili: hakuna mtu kushuka ndani ya rega kuzibua, hata kwa dakika moja, hata fundi wenu wa siku zote. Gesi tuliyoitaja inaangusha mtu bila kelele. Na anayeruka ndani kumwokoa anaanguka juu yake. Hivyo ndivyo rega moja inavyoua watu wawili, watatu. Waite wenye vifaa.

Bomba inaishia wapi?

Swali hili watu wachache wanaliuliza, na kwa maoni yetu ndilo la kwanza. Bomba haiui uchafu. Inauhamisha tu. Ikiwa mji unaweka bomba mpya ambazo mwisho wake ni ukingo wa mto Kongo, basi Makiso itapumua na wenye kupokea ni watu wa chini: Yangambi, Isangi, na vijiji vyote kati yao ambako mto ndio robine. Mwaka 2011 kipindupindu kilichoanzia Kisangani kilishuka na mto, bandari moja baada ya ingine, mpaka Kinshasa. Mwaka 2025 ugonjwa huo ulipiga tena Tshopo. Vijidudu vinasafiri katika maji na katika tumbo la abiria wa balenyeri. Havingoji ruhusa ya komine.

Kampala iliishi jambo hili hili. Maji machafu ya katikati ya mji yanapita mfereji wa Nakivubo na kuingia ghuba ya Murchison katika ziwa Victoria, na katika ghuba hiyo hiyo, upande wa Ggaba, ndiko shirika la maji NWSC linavuta maji ya kunywa ya mji. Yaani mji ulikuwa unajirudishia uchafu wake na kulipa dawa kila siku kuusafisha. Walijenga kiwanda kipya Bugolobi, chenye uwezo wa mita za ujazo 45,000 kwa siku, pamoja na bomba kubwa za kukipelekea, juu kiwanda bila bomba kinakaa na njaa. Kisangani haihitaji kuanza na kitu cha ukubwa huo. Mabwawa ya kutulizia uchafu, yenye jua na muda, yanafanya kazi kubwa katika nchi ya joto kama yetu, bila umeme mwingi. Yanataka ardhi tu, na ardhi hiyo itengwe mapema, mbele ya watu kuuziana viwanja.

Umeme tunautaja kwa sababu. Maji machafu yanateremka yenyewe kama bomba ina mteremko: kwa bomba ndogo ya nyumbani, karibu mita moja ya kushuka kwa kila mita 100. Kubwa zinaridhika na kidogo, ili mradi maji yakimbie kama sentimita 60 kwa sekunde, la sivyo uchafu unalala. Mahali pa tambarare bomba inazama chini zaidi na zaidi, mpaka lazima pampu iinue maji. Na pampu inayongojea umeme wetu, mnajua itangojea namna gani.

Yangambi yenyewe haingojei bomba za mji. Kituo cha utafiti kilichoanza na INEAC mwaka 1933, leo INERA, kina nyumba za kizamani, na karibu nazo watu wamejenga zao na mashimo yao. Hapo kanuni ni rahisi: shimo la choo liwe mbali na kisima au chemchemi angalau mita 30, na chini yake liwe juu ya maji ya ardhini kwa mita moja na nusu. Mvua ya Yangambi inafika karibu milimita 1,800 kwa mwaka. Shimo lililochimbwa wakati wa kiangazi linaweza kuogelea ndani ya maji mwezi wa kumi.

Kutoka barabarani mpaka parseli yako

Bomba ya barabarani kwa kawaida inalipwa na mradi. Kipande kutoka barabarani mpaka choo chako mara nyingi kinaachiwa mwenye parseli, na hapo ndipo miradi mingi inakwama: bomba mpya inapita mbele ya milango na hakuna anayejiunga. Sheria ya maji namba 15/026 ya tarehe 31 Desemba 2015 imeipa provinsi na serikali za chini madaraka juu ya huduma hizi. Kwa hiyo ofisi ya kubishia hodi ni ya provinsi, mji na komine, na jambo la kuuliza mbele ya jembe la kwanza ni bei ya kujiunga, kama inaweza kulipwa kidogo kidogo, na kama ni mwenye nyumba au mpangaji atakayelipa. Wapangaji wasinyamaze hapa.

Kuna njia ya bei ndogo. Mwanza, Tanzania, vilima vimejaa mawe na nyumba zimebanana, bomba kubwa haiwezi kupita. Mamlaka ya maji, MWAUWASA, ikaweka mtandao mwepesi: bomba nyembamba, za kina kifupi, zinapita kati ya nyumba na si katikati ya barabara, majirani wakishirikiana rega. Choo cha kumwagia maji kwa kopo kinatosha. Lakini majirani wakishirikiana bomba wanashirikiana pia kuziba kwake. Mmoja akitupa matambara, wanne wananuka.

Na msiunganishe maji ya paa. Paa la mita mraba 100 likipata mvua ya milimita 50 linatoa lita 5,000, yaani bidoni 250 za lita 20. Parseli kumi zikifanya vile, bomba inajaa na kinyesi kinarudi kwenye choo cha aliye chini kabisa. Mvua iende kanivoni, na salongo ya Jumamosi iifungue kanivo hiyo.

Ukishajiunga, usiache fosi ya zamani imefunikwa kwa bati. Iondolewe uchafu na wenye kazi hiyo, itiwe chokaa, chini yake itobolewe ili maji yasikae, kisha ijazwe mawe na mchanga kwa tabaka, ikishindiliwa kila tabaka. Bati linaoza haraka kuliko watoto wanavyokua.